Kufunga klima (kipoza hewa) ndani ya Datsun 240Z ya 1972 bila kukata tabulo (dashibodi): nani amefanya hapa Lubumbashi?

Binti wa Mtu wa Reli (Bel-Air)

Jambo yenu wote. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kushoto, aliyoniachia marehemu baba. Alikuwa mtu wa reli, na gari hii aliipenda tangu 240Z iliposhinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, kisha ikashinda tena 1973. Picha ya ile gari iliyojaa tope bado iko ukutani kwetu. Motere ni ileile ya silinda 6, lita 2.4, karbirateri mbili. Hakuna kilichobadilishwa.

Shida yangu ni safari za mama. Ana miaka 71, na kila mwezi nampeleka Likasi kwa mdogo wake, kilomita kama 120. Mwezi wa sita na wa saba hakuna neno, asubuhi tunavaa hata sweta. Lakini Septemba na Oktoba, kabla mvua haijaanza, ndani hamkaliki. Joto linapanda kutoka sakafuni, pale katikati penye gia, na jingine linaingia kwa kile kioo kikubwa cha nyuma kilicholala. Tukifungua madirisha, vumbi jekundu linaingia pamoja na harufu ya moshi. Tukifika, mama anashika kichwa. Safari mbili za mwisho alitapika. Sasa amesema hapandi tena mpaka niweke klima.

Nilikwenda kwa fundi mmoja mjini. Aliangalia dakika tano tu, akaniambia dola 750: atakata tabulo chini ya redio, atafunga kompreseri (pampu ya gesi ya klima) aliyoitoa kwenye gari nyingine, atatia gesi “ya kawaida”. Nikamuuliza ni gesi gani, akabadilisha mazungumzo. Nikachukua funguo zangu nikaondoka. Tabulo ya 240Z isiyo na ufa ni kitu cha kutafuta kwa tochi, na yangu haina hata mmoja, kwa sababu baba aliifunika kitambaa kila alipoegesha kwa miaka yote ile. Siwezi kusimama pale nikiangalia msumeno unapita.

Naomba aliyewahi kufanya kazi hii aniambie: kompreseri ipi inafaa, alternateri ya zamani, ile inayozalisha umeme wa gari, itatosha, na motere haitachemka nikikwama kwenye msongamano pale Carrefour?

Fundi wa Frigo (Kamalondo)

Dada, pole na kazi ya kutunza urithi. Umefanya vema kuondoka. Fundi asiyetaja jina la gesi usimpe gari.

Nimefunga klima kwenye gari nyingi za zamani, na kukata tabulo hakuhitajiki. Kuna maboksi yanayoning'inia chini ya tabulo, upande wa abiria. Ndani yake mna evaporateri, yaani kile kinachopoza hewa, na feni yake, na yanashikwa kwa vyuma viwili unavyoweza kuvitoa siku yoyote. Hata kule Marekani 240Z nyingi zilifungiwa klima na muuzaji, kwa hiyo haitakuwa dhambi. Mpira wa kumwaga maji upitishe sakafuni kwenye tundu ambalo tayari lina kizibo, usitoboe jipya.

Kompreseri tafuta Sanden 508 au ndugu zake. Ina pistoni 5, ni ndogo, inazunguka laini. Zile York za pistoni 2 ni nzito na zinatikisa motere. Lakini usitie akili yote kwenye kompreseri kama wafanyavyo wengi. Klima haitengenezi baridi, inabeba joto la ndani na kulitupa nje, na pa kulitupia ni kondanseri iliyo mbele ya radiateri. Ikiwa ndogo, au haipati upepo, hata kompreseri mpya itakupulizia hewa vuguvugu. Chukua kondanseri ya kisasa ya mirija bapa, kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu, na feni yake ya umeme. Halafu kila mwisho wa kiangazi ioshe kwa maji ya taratibu. Vumbi letu linaziba mapezi yote, na mwenye gari anaambiwa gesi imeisha.

Kuhusu gesi: gari za enzi ya baba yako zilitumia R12, ile iliyoondolewa sokoni kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inakula tabaka la ozoni. Wewe utatumia R134a, na vyote viendane nayo: mipira mipya yenye utando wa ndani, chujio jipya la kukausha, na mafuta yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha kompreseri. Mafuta ya zamani ya R12 hayasafiri na R134a, yanabaki pembeni na kompreseri inakufa kavu. Chujio lifunguliwe mwisho kabisa, maana linanyonya unyevu wa hewa kama chumvi.

Jambo moja linalowapotosha mafundi wengi wa hapa. Kabla ya kutia gesi, hewa yote inavutwa na pampu, angalau dakika 45, ili hata tone la maji lichemke na kutoka. Vitabu vinasema mshale wa geji ushuke hadi karibu na bari 1 chini ya sifuri. Lubumbashi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, mshale unaishia karibu na 0.88. Fundi asiyejua hilo atakuambia kuna tundu, aanze kufungua mipira mizuri. Muhimu ni mshale ukae palepale nusu saa pampu ikiwa imezimwa.

Na gesi ya kupikia, dada, kataa. Kuna wanaoitia kwa sababu inapoza kweli, lakini mpira ukipasuka chini ya tabulo unakuwa umekaa na moto mapajani.

Peugeot 504 Coupé (Golf)

Mimi nilipitia hayo na 504 yangu. Umeme ndio ulionisumbua. Alternateri za miaka ile zilitoa amperi 45 au 50 tu. Feni ya kondanseri inakula kama 10, ya ndani inaweza kufika 15, kilachi ya kompreseri 3 au 4, halafu washa taa usiku kwenye mvua uone. Weka alternateri ya amperi 60 au zaidi, na kila feni iwe na rele (swichi ya umeme) na fyuzi yake, waya utoke moja kwa moja kwenye batiri. Usipitishe kwenye boksi la fyuzi la Datsun, linajulikana kwa kuyeyuka.

Kutumia: gari likiwa limechomwa na jua, fungua madirisha dakika mbili hewa ya moto itoke kwanza. Kisha funga, uache klima izungushe hewa ya ndani. Kwenye foleni angalia mshale wa joto, ukianza kupanda zima klima usisubiri. Dakika tano kabla ya kufika zima baridi uache feni ipulize, evaporateri ikauke, isije ikanuka kama kitambaa kibichi. Na wakati wa baridi iwashe dakika kumi kila wiki, mafuta yazunguke, sili ya kompreseri isikauke.

Mama wa Garaji (komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Mwanangu, nimesoma yote, na ninyi wanaume mmeruka jambo moja. Joto linachosha na kutia kiu. Kichwa kuuma na kutapika pamoja na harufu ya moshi ndani ni kitu kingine.

240Z ina ugonjwa wake: ukienda mbio, hewa nyuma ya gari inazunguka na kubeba moshi wa bomba. Ukifungua madirisha ya mbele, ndani panavuta, na moshi unaingia kupitia mlango wa nyuma ikiwa mpira wake umechoka, au matundu ya waya nyuma ya taa. Ndani ya moshi huo mna monoksidi ya kaboni, nayo haina harufu. Ukifunga klima juu ya hali hiyo utafunga madirisha na sumu humohumo.

Weka karatasi kwenye mlango wa nyuma, funga, vuta. Zunguka pande zote hivyo. Ikitoka bila kubanwa, mpira umekufa. Angalia pia maungio ya bomba kuanzia kwenye motere hadi mwisho.

Binti wa Mtu wa Reli (Bel-Air)

Mama, aksanti sana. Mimi ni muuguzi. Dalili hizo nimezifundishwa, nimewauliza wagonjwa wangu kama wanalala na mbabula (jiko la makaa) ndani, na kwa mama yangu mwenyewe niliona joto tu. Nimekaa na jambo hili usiku mzima.

Leo asubuhi nimefanya kwa noti ya faranga 500. Juu inabana. Chini, kuanzia kitasa hadi kona ya kushoto, ilitoka yenyewe, urefu wa mkono mzima. Nyuma ya taa ya kushoto kizibo cha waya hakipo, ninaona lami kupitia tundu.

Fundi wa Kamalondo, kazi ya klima ni yako, kwa boksi la kuning'inia na R134a kama ulivyosema, lakini itasubiri. Nimeagiza mpira wa mlango na vizibo vyote. Mwezi huu mama atakwenda Likasi kwa basi. Nimemweleza sababu, akaniuliza kama baba naye alikuwa akiumwa kichwa kwa ajili hiyo, zile Jumapili alizorudi na kulala bila kula.