Tunampeleka mama mgahawa wa Kichina pale Mwanga, tuagize nini?

BintiUjiji:
Habari za jioni wana Kigoma. Kaka yangu anakuja kutoka Dar na anataka tumpeleke mama kwenye ule mgahawa wa Kichina wa Mwanga. Tutakuwa sita, watoto wawili humo. Mama ni mtu wa Ujiji hasa, swala tano, hagusi nguruwe wala chenye pombe, na roho yake isipotulia, hali kitu. Nilipita kuangalia menyu: kurasa nyingi, picha na namba, na majina ambayo hata mhudumu aliyasoma kwa kusitasita. Sitaki mama akae na glasi ya maji sisi tukila. Niulize nini, tuagize nini?

MzeeKibirizi:
Mwanangu, kuku na chipsi wanavyo. Mwagizieni mama hivyo, yaishe.

JikoniKatubuka:
Mzee wangu shikamoo, hapo naomba tutofautiane. Chipsi mama anazipata popote, na kuku huyo huenda ndiye mwenye tatizo.

Dada, nimefanya kazi jikoni kwa Wachina Dar, kwenye karai lenyewe. Ukiuliza "mna nguruwe?" tu, hujauliza kitu. Uliza mafuta: wapo wapishi wanaokaangia hata mboga kwa mafuta ya nguruwe, wanapenda harufu yake. Uliza mvinyo wa mchele, maana nyama, kuku na samaki mara nyingi hurowekwa nao kuondoa shombo, na kwenye menyu huuoni. Uliza karai: lililotoka kukaanga nguruwe linasuuzwa kwa maji ya moto, dakika hiyohiyo linapokea kuku wako. Na kuku kachinjwa na nani. Hata tofu, ile kama jibini ya maharage ya soya, usiiamini kwa jina, ile ya pilipili ya Sichuan, mapo tofu, kwa kawaida ina nyama ya kusaga ndani.

Muulize mpishi au mwenye mgahawa, si mhudumu peke yake. Wakibabaika, mama asipelekwe pale, basi. Si kwamba upishi wa Kichina wote uko hivyo. Wahui ni Wachina Waislamu, na zile tambi za Lanzhou za supu ya ng'ombe ni chakula chao.

Wakikujibu vizuri, msiagize kila mtu sahani yake. Kule vyakula vinakaa katikati, kila mtu na bakuli lake la wali, na mama sinia la pamoja analijua. Watu sita: mboga ya majani kwa kitunguu saumu, nyama ya ng'ombe, supu ya mayai, kuku asiye na pilipili kwa watoto (kuku wa karanga ana pilipili kavu, na kama kuna mtoto anayedhurika na karanga msimguse), halafu samaki mzima.

Huyo samaki ndiye wa kumfanyia mama. Tafuteni kuhe, samaki wa ziwa letu la Tanganyika, awe mbichi, wa asubuhi, mpishi ampike kwa mvuke na tangawizi. Akishaiva anawekewa vitunguu majani, sosi ya soya, na mafuta yaliyochemka yanamwagwa juu mpaka yalie. Hakuna nyanya, hakuna nazi, kwa hiyo samaki wa jana hana pa kujificha, na mama wa Ujiji atamjua kwa tonge la kwanza. Mezani kichwa cha samaki wanakielekeza kwa mkubwa. Mwambieni mama hivyo, atafurahi.

BodaGungu:
Mama akichoka kutoka, mnaweza kuagiza chakula cha kubeba. Mimi nabeba sana. Mchuzi wafunge mbali na tambi, na vya kukaanga waache kifuniko wazi kidogo, la sivyo mpaka Ujiji vimeshalowa kwa mvuke.

BintiUjiji:
Mzee wangu shikamoo. Ahsanteni sana. Kaka wa jikoni, watakubali samaki tuliyemnunua wenyewe?

MzeeKibirizi:
Marahaba. Kuhe njoo mwaloni mapema, wakubwa wanaondoka haraka. Mtazame mashavu, yawe mekundu.

JikoniKatubuka:
Wengi wanakubali, wanatoza kupika tu, lakini mpelekee mwenye mgahawa taarifa siku moja kabla na mkubaliane bei hapo hapo. Mwambie na ukubwa wa samaki, kuhe mkubwa haingii kwenye chombo cha mvuke mpaka akatwe. Nendeni mchana, mama akishaswali Adhuhuri. Jioni jiko linazidiwa na mpishi hatakuwa na nafasi ya maswali yenu.