Tulisainishwa mafunzo ya usalama ambayo hatukuwahi kupewa

Wakuu, hili limenikaba tangu Jumatano, naomba nilitoe.

Mimi ni fundi nondo kwenye saiti ya ghorofa upande wa Mtumba, hapa Dodoma. Siku ya kwanza tulipangwa mstari getini, ikapitishwa karatasi: "Sainini haraka, zege linasubiri." Nikasaini kama wenzangu. Juu pameandikwa MAFUNZO YA USALAMA NA AFYA MAHALI PA KAZI, masaa matatu. Masaa matatu yapi? Hatukufundishwa hata dakika moja!

Jumatano saidia fundi mmoja, kijana mdogo kutoka Bahi, alikuwa juu ya mirunda anapokea ndoo. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ubao haukufungwa, ukageuka naye. Paja limevunjika, mkono umevunjika. Na mkanda wa usalama alikuwa amevaa! Kamba yake ilikuwa inaning'inia tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha aifunge wapi.

Tukamzoa mikono na miguu, tukamtupia kwenye kirikuu. Miguu niliishika mimi. Sikujua kwamba mfupa uliovunjika unafungwa kwanza usicheze, nimeambiwa na nesi baadaye. Lile yowe bado nalisikia.

Sasa jana fomeni kaja wodini na ile karatasi, anamwambia mama wa kijana: "Alifundishwa, sahihi yake hii hapa. Ni uzembe wake, msitegemee kitu." Mama wa watu analia, anaamini.

Ni uongo! Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri amfundishe mfanyakazi, siyo amsainishe. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haimdai aliyeumia kazini athibitishe kosa la mwajiri ndipo alipwe. Mchango wa Mfuko wa Fidia, unaolipa hiyo fidia, anatoa mwajiri, kibarua hakatwi hata senti. Kwa hiyo anamtisha mama mjane kwa karatasi aliyoipika mwenyewe.

Ile karatasi nimeipiga picha. Tuko kumi na mmoja tulio tayari kusema hatukufundishwa, hata kama tutafukuzwa. Aliyewahi kufuatilia OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, au Mfuko wa Fidia hapa Dodoma anielekeze: tuanzie wapi, twende na nini mkononi? Yule mama hana hata nauli ya kurudi Bahi.

Na leo asubuhi wameingizwa vibarua wapya tisa. Wamesainishwa palepale getini.