Naomba ushauri: nyasi za kuwasha zimevamia shamba la malisho

Wafugaji wenzangu, habari za kazi. Shamba langu la nyasi za Rhodes huku Kilosa limevamiwa na nyasi ndefu kupita mtu, zinazochipua kwa mbegu kila mvua zikianza. Shina lina vinywele vikali vinavyochoma mikono, chini lina mizizi ya kuegemea kama ya mahindi, na suke likikomaa hukatika vipande vipande na kudondoka. Nadhani ni Rottboellia (jina la kitaalamu la nyasi za kuwasha). Vibarua wamegoma kuzing'oa, na hofu yangu kubwa ni marobota ya nyasi kavu yenye vinywele hivyo kuumiza midomo ya ng'ombe.

Dawa ya kuua nyasi itaua na Rhodes. Je, nifyeke kabla hazijatoa masuke, au nilime upya, nipande kwanza mikunde ya malisho ili niweze kupulizia dawa hiyo bila kuua malisho? Mbegu zake hudumu ardhini muda gani?