Naomba ushauri: nitathibitishaje kuwa dondoo ya seli imekarabati DNA ya bakteria?

Mwanamaabara: Habari zenu, wanajukwaa. Ninaandaa mradi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya mikrobiolojia. Nakusudia kuwapiga bakteria aina ya E. coli mionzi ya urujuanimno, inayoharibu DNA, kisha niwaongezee dondoo ya hamira iliyosagwa na kuchujwa, nione kama wataota wengi zaidi kwenye sahani. Msimamizi ameniuliza: makoloni (vishada vya bakteria vinavyoota kwenye sahani) yakiongezeka, nitajuaje kwamba dondoo imekarabati DNA, na si kwamba imewalisha tu?

Mzee wa Darubini: Mwanangu, hapo ndipo penye kazi yenyewe. Dondoo ya hamira imejaa vitamini na asidi amino, hivyo bakteria aliyejeruhiwa anaweza kupata nguvu ya kujikarabati kwa vimeng'enya vyake mwenyewe. Tena kimeng'enya ni protini kubwa, hakipenyi ovyo ndani ya seli hai. Afadhali ufanye kazi na DNA tupu, iliyotolewa nje ya seli, kama walivyofanya Rupert, Goodgal na Herriott mwaka 1958 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Walichukua DNA ya bakteria Haemophilus influenzae sugu kwa kiuavijasumu cha streptomaisini, wakaiharibu kwa urujuanimno, wakaichanganya na dondoo ya E. coli kwenye mwanga, kisha wakawapa Haemophilus wasio na usugu huo. DNA ikarudisha sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuwapa usugu, ilhali gizani haikurudisha. Uzuri wa jaribio lile ni kwamba Haemophilus hana kile kimeng'enya kinachotumia mwanga kukarabati DNA, ambacho E. coli anacho, kwa hiyo ukarabati ungeweza kutoka kwenye dondoo peke yake.

Bi Sahani: Naongezea, dada: weka pia mrija wa dondoo iliyochemshwa. Joto huua kimeng'enya, lakini sehemu kubwa ya virutubisho hubaki. Na baada ya kupiga mionzi, fanya kazi chini ya taa ya njano. Albert Kelner alihangaika na matokeo yasiyotabirika akidhani chanzo ni halijoto, hadi mwaka 1949 alipoeleza kwamba mwanga wa kawaida ndio uliokuwa ukiwafufua viumbe wake.

Mwanamaabara: Nashukuruni sana. Haemophilus ni kimelea cha magonjwa, na sina kibali cha kumfuga. Nifanyeje?

Mzee wa Darubini: Tumia plazmidi (kipande kidogo cha DNA cha mviringo) yenye jeni ya usugu kwa kiuavijasumu cha ampisilini. Ipige mionzi, itie dondoo kwenye mwanga, kisha uiingize ndani ya E. coli aliyeondolewa uvrA na phr, jeni zake za kukarabati DNA, la sivyo atakukarabatia yeye mwenyewe. Sahani zake zikae gizani.