Fundi kanimalizia klia ya boneti (ile tabaka inayong'aa juu ya rangi), halafu ananiambia "kiongozi, rangi ilikuwa imechoka"

Wakuu, nimevumilia wiki mbili nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa. Jina la gereji sitaji, ila kama unakaa Dar na una gari nyeusi, soma mpaka mwisho kabla hujamkabidhi mtu funguo.

Gari yangu ni Toyota IST nyeusi. Kwenye kibati cha taarifa za gari, pale penye C/TR (namba ya rangi), imeandikwa 209, ile nyeusi ambayo ukiinama juani unaona chengachenga ndani yake. Rangi yenyewe haikuwa mbovu kiasi cha kupigwa upya. Ilikuwa na mikwaruzo ya utando wa buibui bodi nzima, kazi ya vijana wa kuosha magari wanaopitisha sponji kwenye rimu halafu wanahamia nayo kwenye boneti, ndoo ileile, sabuni ya unga ileile. Kulikuwa na madoa meupe ya maji ya kisima (huku kwetu maji yana chumvi, ukiyaacha yakauke juani yanaacha duara) na vidonda viwili vitatu vya kokoto puani. Basi.

Fundi akazunguka gari mara moja, mikono mfukoni. "Kiongozi, hii hupigi rangi. Tunaikata na kompaundi, masaa matatu tu unachukua gari mpya." Laki na nusu. Nikaacha gari.

Nikaifuata saa kumi na mbili jioni. Ipo chini ya turubai, taa ya tyubu juu yake, imemwagiwa maji, inameremeta kama kiatu cha bwana harusi. Nikapiga picha. Nikampa na elfu kumi ya soda juu. Ujinga wangu huo, nakiri.

Wiki ya kwanza raha. Gari ikaoshwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya ile ya tatu nikaipaki nje saa sita mchana, jua la Dar mnalijua. Nikatoka na chai yangu mkononi, nikasimama. Utando wa buibui umerudi wote. Juu yake kuna kitu kipya, mawimbi ya mwanga yanayotembea kadiri unavyotembea, alama za mashine kuanzia boneti mpaka mlango wa nyuma. Na kwenye ukingo wa boneti, upande wa dereva, kuna sehemu ya ukubwa wa kiganja imepauka, haina mng'ao kabisa, imezungukwa na mstari kama ramani ya kisiwa. Nikachukua kitambaa cheupe, nikatia polishi kidogo, nikasugua hapo taratibu. Kitambaa kikatoka cheusi.

Kwa asiyejua maana yake: gari kama hii ina rangi chini na klia juu. Klia ndiyo inayong'aa na ndiyo inayopokea kipigo cha jua, haina rangi. Kitambaa kikitoka na rangi kwenye gari ya klia, klia hapo imekwisha. (Nyeupe nyingi za zamani hazina klia, zile kitambaa kutoka cheupe ni kawaida, msije mkapaniki.)

Nikarudi gereji. Akainama, akapapasa, akanyanyuka. "Kiongozi, hii rangi ilikuwa imechoka tangu Japani. Hapa lete mil moja na laki mbili tupige yote." Yaani yule aliyeniambia sihitaji kupiga rangi, baada ya kuiharibu ndiye ananiuzia kupiga rangi!

Sasa nieleweke. Kompaundi haiongezi chochote kwenye gari. Inapunguza. Ni msasa ulio kwenye uji. Unakula klia ya pembeni ya mkwaruzo mpaka usawa wake ulingane na chini ya mkwaruzo, ndipo mwanga unarudi vizuri na jicho linaona kioo. Na klia ya kiwandani huwa na unene wa maikroni 30 na kitu hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi ni nyembamba zaidi, na hapohapo ndipo mashine inauma zaidi kwa sababu pedi yote inaegemea mstari mmoja. Fundi anayejua kazi anaziba kingo kwa tepu ya karatasi kabla hajawasha mashine. Huyu alipita na pedi ya manyoya, mashine ya mzunguko mkali, kama anang'arisha sakafu ya terazo.

Hata hilo ningesamehe. Mkono unateleza. Kinachoniuma ni kile cha juu yake. Alijua ameacha alama, akapaka polishi ya mafuta inayojaza mikwaruzo kwa muda, akaimwagia maji, akanikabidhi jioni. Mafuta yakaondoka na sabuni, ukweli ukabaki. Vile vidonda vya kokoto alivyosema "vimeisha" vilikuwa vimejaa kompaundi kavu nyeupe! Kwenye gari nyeusi! Na plastiki za chini ya kioo cha mbele zina madoa meupe mpaka leo, nimesugua na mswaki hayatoki.

Nikapelekwa na jamaa yangu kwa mzee mmoja uchochoroni, hana bango wala Instagram. Mzee hakugusa mashine nusu saa nzima. Alipitisha kucha kwenye kila mkwaruzo. Kucha ikinasa anasema, "Huu tunauacha, mwanangu. Ukiufuata utatoka na klia." Madoa ya kisima akayapitishia siki ya jikoni iliyochanganywa na maji, akasuuza, mengi yakatoka, machache yalishakula ndani. Halafu akachagua eneo la ukubwa wa daftari mlangoni, akapiga polishi laini kwa sponji, akapangusa kwa spiriti ili mafuta yasitudanganye, akanivuta juani. "Ukiridhika na hapa, gari nzima itakuwa hivi. Zaidi ya hapa sikuahidi." Vidonda vya kokoto alidondoshea tone la rangi kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, tone juu ya tone.

Milango na madigadi sasa naitazama mchana bila aibu. Si mpya, mikwaruzo mirefu ipo, ila unaona mawingu ndani yake. Boneti amekataa kuigusa. "Hii mwenzangu ameshaimaliza, inataka rangi na klia, boneti peke yake." Laki mbili na nusu. Kwa hiyo mimi niliyetafuta kukwepa rangi, napiga rangi boneti iliyokuwa na klia yake ya kiwandani.

Swali langu kwa wenye uzoefu: kuna aliyewahi kudai fidia kwa fundi wa namna hii akalipwa? Risiti sina, ila nina muamala wa simu na zile picha za jioni.

NYONGEZA: Kanipigia sasa hivi, kuna mtu kamfikishia huu uzi. Anasema tusifike mbali, nilete gari anipigie nta bure. Nta, kwenye boneti isiyo na klia. Nimekata simu.