Hadithi ya shujaa wa msalaba mwekundu: nimsimulieje mtoto wa dada yangu ambaye ni Mwislamu?

MamaEliya, Tanga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Nina kitabu nilichokipata kwenye meza ya vitabu vya mtumba karibu na stendi, shilingi elfu mbili, jalada nusu halipo. Ni Kiingereza, kimefupishwa kwa ajili ya watoto kutoka lile shairi refu la Edmund Spenser, The Faerie Queene. Kijana wa shamba asiye na jina anapewa mavazi ya vita na ngao yenye msalaba mwekundu, kisha anaongozana na binti aitwaye Una, aliyepanda punda mweupe, kwenda kuwaokoa wazazi wa binti waliozingirwa na joka. Una ni Kweli. Kila mtu humo ni fumbo la kitu fulani.

Nasoma kimoyomoyo, nawasimulia kwa Kiswahili baada ya chakula cha usiku. Wangu wawili, na likizo hii wapo na wawili wa dada yangu. Dada aliolewa na Mwislamu, wanawe wanasoma madrasa, na hatujawahi kugombana kwa hilo. Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Waliipenda ile sehemu inayosema mavazi ya kijana yamejaa mabonde na makovu ya mapigo ya zamani, lakini yeye mwenyewe hajapigana hata siku moja. Eliya ana miaka saba, akauliza, "Mama, kwa hiyo kavaa mtumba?" Nikamwambia ndiyo baba, kavaa mtumba. Walicheka mpaka mdogo akapaliwa na uji.

Juzi tukafika kwa ndugu watatu, Sansfoy, Sansloy na Sansjoy. Kitabu kinawaita Wasaraseni. Mdomo ukaitangulia akili, nikasema, "yaani Waislamu wa zamani." Salum wa dada, miaka tisa, akaniangalia. "Mama mdogo, kwani hao wabaya ni sisi?"

Nikafunga kitabu nikasema taa imeisha chaji. Haikuwa imeisha.

Sasa naomba msaada. Niruke hiyo sehemu? Niache kitabu chote? Na swali dogo: hawa wapiganaji mnawaitaje kwa Kiswahili? Mimi nasema "askari wa farasi" na Eliya anadhani ni polisi.

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Marahaba MamaEliya. Nimefundisha fasihi ya Kiingereza miaka mingi, na Spenser nimepigana naye kuliko huyo kijana alivyopigana na joka. Usikiache kitabu.

Nianze na mtumba, maana mwanao amegusa penyewe. Spenser alipochapisha sehemu ya kwanza mwaka 1590 aliambatanisha barua kwa Walter Raleigh, na humo anasema wazi kwamba mavazi yale ni yale ya Mkristo aliyoyataja Paulo kwa Waefeso: dirii ya haki, ngao ya imani, chapeo ya wokovu. Una anamwambia kijana kwamba yasipomtosha, safari haitafanikiwa. Kwa hiyo ni mavazi yaliyokwisha kuvaliwa na wengine kabla yake, na yale mabonde ni ya vita vyao. Mimi niliwaeleza wanafunzi hilo kwa saa nzima. Eliya kamaliza kwa neno moja.

Sasa wale ndugu. Majina yao ni ya Kifaransa: Bila Imani, Bila Sheria, Bila Furaha. Wa kwanza ameandikwa jina lake juu ya ngao, herufi za madoido. Na angalia anatokea lini. Mchawi Archimago amemdanganya kijana kwamba Una si mwaminifu, kijana kaondoka kwa hasira, kamwacha Kweli peke yake porini. Hatua chache mbele anakutana na nani? Bila Imani. Huyo hakutoka nchi ya mbali, katoka ndani ya kijana mwenyewe. Waite kwa majina hayo ya Kiswahili na kabila lao liache. Hutakuwa umeharibu hadithi, maana Paulo katika sura ileile anasema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama.

Ila tusimsafishe Spenser kuliko alivyokuwa. Alikuwa ofisa wa Waingereza kule Ireland, akapewa ardhi Kilcolman, na aliyoandika kuhusu Waairishi yanatia uchungu. Wasaraseni wake ni chuki ya zama zake. Halafu kama nyumbani kuna Mkatoliki, jiandae: Duessa, yule mwanamke mwongo, baadaye anavikwa nguo za zambarau na taji la ngazi tatu na kupandishwa juu ya mnyama wa vichwa saba. Hapo Spenser anapiga Roma waziwazi. Kwa watoto, mwanamke mwongo anatosha.

Pango la Kukata Tamaa lisome peke yako kwanza. Mzee anayekaa humo anamshawishi kijana ajiue, anampa kisu, na mkono wa kijana unatetemeka. Una anakinyakua na kukitupa chini. Kwa wa miaka saba ningeliruka. Kwa wa kumi na mbili nisingeliruka hata kidogo.

Kijana wa Mbezi

Kwani sungura na fisi wamekufa? Kila siku tunalalamika watoto hawajui hadithi zetu, halafu tunawalaza na mazimwi ya Wazungu.

MamaEliya

Kijana, sungura tulimmaliza wiki ya kwanza. Wananikosoa nikikosea wimbo wake.

Mwenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa

Dadangu MamaEliya, salaam. Mimi ni Mwislamu, nakujibu kama mjomba wa huyo Salum.

Mtoto hajakosea kuuliza. Hapa kwetu msalaba mwekundu haukuja na punda mweupe. Ulikuja kwenye matanga ya Wareno. Mwaka 1505 jemadari wao Almeida aliuchoma mji huu, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, miaka mitatu tu baada ya hicho kitabu cha mwalimu kuchapishwa. Ukuta wake nauona nikienda sokoni. Kwa hiyo mtoto akisikia ngao ya msalaba inampiga Mwislamu, lazima moyo ushtuke. Usimwambie ni kitu kidogo.

Lakini mwambie na hili. Sisi nasi tuna ya kwetu, na ni tamu. Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo kule Pate mwaka 1728, una farasi na panga na mashujaa, na adui ni Herekali, mfalme wa Warumi, Mkristo. Humo wabaya ni ninyi! Ukimaliza kitabu chako, mwambie baba yake Salum awasimulie huo, na Eliya naye apate zamu ya kukasirika.

Kuna lingine litakalokufaa. Mwishoni kijana anaambiwa jina lake halisi, naye ni Mtakatifu George. Basi huyo George si Mwingereza. Kaburi linalosemwa kuwa lake liko Lod, Palestina ya zamani, leo Israeli, na Waislamu wa pande zile nao humheshimu, wengi wakimhusisha na Khidhri, yule mja mwema mwenye hekima wa visa vya Kiislamu. Salum kama anasoma madrasa, Khidhri anamjua.

Kuhusu jina: wazee walikuwa na neno "farisi", mpanda farasi hodari. Wingi mafarisi.

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Bwana wa Mombasa, ahsante kwa Tambuka, nilikuwa nimeisahau. Lakini mafarisi? Watoto wa shule ya Jumapili watasikia Mafarisayo, na hadithi nzima itageuka juu chini.

Mwenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa

Hahaha. Basi mwite shujaa, yaishe.

MamaEliya

Nimerudi kuleta mrejesho, maana mmenisaidia kuliko mnavyodhani.

Nilimwita Salum pembeni jikoni kabla ya wengine, nikamwomba radhi. Nikamwambia aliyeandika aliishi zamani, hakuwapenda Waislamu, na mama mdogo alitafsiri vibaya juu yake. Akauliza, "Na Khidhri yumo kweli?" Nikasema kuna watu wanasema hivyo. Akaenda kuwaita wenzake mwenyewe.

Ndugu watatu nikawapa majina ya mwalimu. Bila Imani akafa, sawa. Bila Furaha ndiye aliyewasumbua, kwa sababu shujaa anapotaka kummalizia wingu jeusi linamfunika, na baadaye anapelekwa kuzimu kwa mganga, hasikiki tena. Wakanibana: yuko wapi? Atarudi lini? Dada yake Eliya, ambaye huwa haongei sana tangu bibi yao afariki mwezi wa nne, akasema, "Huyo hafi. Anajificha tu." Sikuongeza kitu.

Pango nililiruka. Mume wangu, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa anasikiliza akijifanya anaangalia simu. Taji la ngazi tatu nalo nililiruka.

Jana tumemaliza joka. Siku ya kwanza shujaa anaangushwa kwenye kisima cha uzima, siku ya pili anateleza chini ya mti wa uzima, siku ya tatu anachoma upanga kinywani. Nilidhani watapenda upanga. Walichokipenda ni baada ya hapo, watu wanapotoka mjini kuangalia mzoga. Kuna mtoto anachezea kucha za joka na mama yake, roho mkononi, anamfokea. Wote wanne wakaniangalia mimi kwa pamoja.

Na kuna watu wenye ujasiri wanaolipima lile joka kujua limelalia ekari ngapi. Basi leo asubuhi wameamka kupima. Salum anahesabu hatua, Eliya anachomeka vijiti, kichwa kiko kwenye mwembe, na mkia umeshavuka michongoma. Jirani ametoka na kanga mabegani kuniuliza ni nani kawatuma watoto kupima kiwanja chake.