Mgombea ataka kutupa laki tatu jina lake lisitajwe: tupokee au turudishe?

Mfuatiliaji_Wadi:
Hamjambo wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua hesabu na sheria za vikundi, si wa kunifariji.

Kundi letu liko Kaunti ya Kilifi, wanachama 34, limesajiliwa kama kikundi cha jamii. Kazi yetu ni kufuatilia bajeti ya wadi: kusoma makadirio, kupeleka maoni kwa bunge la kaunti, kudai hati za miradi ya maji na zahanati. Ada ni shilingi 200 kwa mwezi, na huingia kwenye laini ya simu ya mweka hazina.

Sasa anayetaka uwakilishi wadi 2027 anatoa shilingi 300,000, "bila masharti", ila jina lake lisiandikwe popote. Wakati huohuo kuna wakfu wa nje ulio tayari kutoa 900,000 kupitia shirika moja litakalotushikia fedha. Na wanachama wameanza kudai orodha ya kila aliyewahi kuchanga, ilhali baadhi ya wachangaji ni wafanyakazi wa kaunti au wenye maduka yanayotegemea leseni ya kaunti. Hao wakianikwa, kesho hawachangi tena. Tufanyeje?

Karani_Mstaafu:
Anza na hesabu, maadili yatafuata. Ada zenu kwa mwaka ni 34 × 200 × 12, yaani 81,600. Mkiongeza 300,000 jumla inakuwa 381,600, na mtu mmoja anamiliki karibu asilimia 79 ya mfuko. Hapo neno "bila masharti" halina maana. Hahitaji kuwapa sharti lolote. Atanyamaza tu, nanyi mtajikuta mnasoma mradi wa mpinzani wake kwa miwani na wake kwa macho matupu.

Wekeni kikomo kabla ya kujadili jina la mtu yeyote: chanzo kimoja kisizidi robo ya fedha huru za mwaka, yaani zisizofungwa na mradi wowote. Kwa ada zenu za sasa, robo hiyo ni 27,200 (27,200 ukijumlisha na 81,600 unapata 108,800, na robo yake ndiyo hiyohiyo 27,200). Kikomo kipitishwe kwenye mkutano wenye akidi na kiandikwe katika kumbukumbu, na tarehe yake iwe kabla ya uamuzi wa hizi laki tatu. Kikipitishwa baada ya kumkataa, atasema kilishonwa kwa vipimo vyake.

Mwanasheria_Mtaani:
Naongeza la kisheria, kwa sababu hizo ofa mbili zimefungamana. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, na inakataza shirika lililosajiliwa chini yake kuchangisha au kufanya kampeni ya kuunga au kupinga chama au mgombea. Kutetea sera na kukosoa serikali kunaruhusiwa. Kwa hiyo shirika litakalowashikia 900,000 likisikia mna fedha za mgombea kwenye mfuko huohuo, wakili wake atalishauri liwakimbie, na atakuwa na haki.

Msingoje sheria ya uchaguzi iwaamulie. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013 ipo vitabuni, lakini viwango vyake havikutumika katika uchaguzi mkuu wa 2017 wala wa 2022. Ukuta huu mtaujenga wenyewe kwenye katiba ya kundi. Sentensi moja yatosha: "Kundi halipokei fedha, vitu wala huduma kutoka kwa aliyetangaza nia, mgombea, mwenye cheo cha kuchaguliwa, au wakala wao."

Hayo maneno "vitu wala huduma" msiyafute. Ukimkatalia mtu fedha, wiki ijayo hurudi na mahema mawili, viti mia na fulana zenye rangi ambayo kila mtu mtaani anajua ni ya nani.

Mfuatiliaji_Wadi:
Nimeelewa upande wa mgombea. Na hii laini ya mweka hazina? Ni mwaminifu, hatuna shida naye.

Salio_Halisi:
Uaminifu wake ndio mnaouweka hatarini. Akiugua, akifariki au simu ikiibwa, fedha za kundi zimefungwa ndani ya jina lake. Mamlaka ya kodi ikiangalia mapato ya laini ile, haioni kundi, inamwona yeye. Na laini ya M-Pesa haibebi salio linalozidi 500,000, wala muamala mmoja hauzidi 250,000, kwa hiyo mradi wowote wa maana hautapita hapo.

Fungueni akaunti ya benki kwa jina lililo kwenye cheti. Benki itataka cheti, katiba, kumbukumbu za mkutano ulioamua kufungua akaunti na kuchagua watia sahihi, na vitambulisho vyao. Hapa ndipo wengi hukwama: jina kwenye kumbukumbu limeandikwa tofauti na la kwenye cheti, au cheti kimeisha muda. Hakikisheni kabla ya kupanga foleni. Watia sahihi wawe watatu, wowote wawili watoe. Wasiwe mke na mume, wala ndugu wa nyumba moja.

Kisha tumieni Paybill ya benki, yaani namba ya benki ya kulipia kwa M-Pesa, badala ya namba ya mtu. Benki nyingi huweka namba ya akaunti kwenye sehemu ya marejeo, na baadhi hukubali alama ya # na neno baada yake. Ulizeni yenu. Ikikubali, pangeni alama fupi: ADA14 ni ada ya mwanachama wa 14, MCH ni mchango, MRD ni mradi. Mwisho wa mwezi mnachambua taarifa ya benki kwa dakika ishirini badala ya kukisia nani alituma nini.

Mweka hazina abaki na 5,000 tu mkononi za dharura, zikijazwa upya kwa risiti. Na tozo za kutuma na kutoa ziandikwe kila moja kama matumizi. Vitabu vingi visivyolingana na benki havina wizi ndani yake, vina tozo za shilingi thelathini thelathini ambazo hakuna aliyeziandika, na kufikia Desemba zimekuwa elfu kadhaa na kundi limegawanyika mapande mawili.

Mama_Bajeti:
Kwenye orodha ya wachangaji naomba tuwe waangalifu. Uwazi si kubandika taarifa ya M-Pesa kwenye kundi la WhatsApp. Ile ina majina na namba za simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nyinyi pia. Tena ikishatoka haina kurudi. Jioni ileile itakuwa kwenye simu ya ofisa ambaye duka la mchangaji wenu linategemea sahihi yake.

Tenganisheni wanachodai wanachama na kinachoweza kumuumiza mtu. Mwanachama ana haki ya kujua kiasi, tarehe, aina ya chanzo na kilitumikaje. Kwa hiyo taarifa ya kila robo mwaka iseme: "Mchangaji Na. 7, mkazi, si mgombea wala mkandarasi wa kaunti, 15,000." Daftari lenye majina likae kwa kamati ya ukaguzi ya watu watatu wasio viongozi, ambao hulinganisha majina na namba na kutia sahihi kuwa maelezo ni ya kweli. Anayezidi 20,000 kwa mwaka aambiwe mapema kwamba jina lake litatajwa, achague mwenyewe kutoa au kuacha.

Chokochoko:
Hapo sikubaliani. Kundi linaloandikia kaunti barua likitaka hati za zabuni ndani ya siku 21 za Sheria ya Kupata Habari ya 2016, lenyewe lina "Mchangaji Na. 7"? Watachekwa barazani.

Mama_Bajeti:
Wacheke. Kaunti inatumia kodi, na hakuna aliyeulizwa kama anataka kuitoa. Mwenye duka ametoa chake kwa hiari. Ila nakubali hili: siri hiyo ni ya mkazi mdogo peke yake. Mgombea, mkandarasi au shirika halipati namba, linapata jina kamili.

Chokochoko:
Sawa, na mzungu wa 900,000 je? Mgombea wa 300,000 afukuzwe kwa sababu ya robo, yeye apite?

Karani_Mstaafu:
Swali zuri, na wengi hulikwepa. Nilisema robo ya fedha huru. Fedha za mradi zina mkataba, shughuli na tarehe ya mwisho. Ziwekeeni daftari lake, na msilipe kodi ya ofisi wala simu kwa fedha hizo, ili zikiisha kundi libaki limesimama. Mkataba wenyewe usomwe mbele ya wanachama wote. Julai 2024 Wizara ya Mambo ya Nje iliuandikia wakfu wa Ford ikitaka maelezo ya fedha ulizoyapa mashirika ya Kenya, kwa tuhuma za kufadhili maandamano; wakfu ulikana. Barua ya aina hiyo ikifika kwenye wadi yenu, jibu ni kumpa anayeuliza mkataba na daftari siku hiyohiyo.

Shirika la kuwashikia fedha hukata ada ya usimamizi, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 15. Likikata 10, zinabaki 810,000. Pangeni bajeti kwa hizo. Kwenye makubaliano daini mambo haya: daftari lenu peke yenu, taarifa ya salio kila mwezi, malipo ndani ya siku 7 za kazi baada ya ombi kamili, na salio liende wapi mkiachana. La malipo lishikilieni kwa meno. Makadirio ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Fedha za kuitisha mikutano ya maoni zikiingia Mei, mtakuwa mnajadili kitu kilichokwisha kupikwa, na ripoti ya mfadhili bado itaonyesha mikutano mitano imefanyika.

Salio_Halisi:
Na nauli! Lipeni kwa simu kutoka akaunti ya kundi, kwa umbali, kila mtu kwa namba yake. Karatasi za mahudhurio zenye sahihi kumi na mbili za kalamu moja na mwandiko mmoja ndizo huua vikundi mbele ya mkaguzi.

Mfuatiliaji_Wadi:
Asanteni sana. Mkutano ni Jumamosi. La mwisho: tumjibuje mheshimiwa mtarajiwa bila kumfanya adui? Ni jirani, na mamake ni mwanachama.

Mwanasheria_Mtaani:
Kwa barua, msiende kumwona nyumbani kwake. Ikiandikwa, hakuna atakayesema mlipokea nusu. Iwe fupi:

"Ndugu, tumepokea taarifa ya nia yako ya kutuchangia shilingi 300,000. Katiba yetu, kama ilivyorekebishwa na mkutano mkuu, hairuhusu kupokea mchango kutoka kwa yeyote anayewania cheo, wa upande wowote. Hatujapokea fedha hizo, kwa sehemu wala kwa ukamilifu. Mikutano yetu ya kusoma bajeti iko wazi kwa wakazi wote, nawe unakaribishwa kuhudhuria na kuuliza maswali kama mkazi."

Isainiwe na mwenyekiti na katibu, nakala ibaki faili, na isomwe kwa sauti Jumamosi baada ya kipengele kupita. Mama yake aendelee kulipa 200 zake kama kawaida, zipitie akaunti mpya, zikiwa na alama yake ya ADA.